Kuchungulia Njia ya Chakula ya Mtoto

Mtoto wa miaka miwili hawezi kueleza kwamba kuna kitu kimemkwama kifuani. Hukataa chakula, hutokwa na udenda, hutapika, au hulia tu bila mzazi kujua kisa. Picha ya eksirei huonyesha sarafu, lakini haionyeshi kidonda cha ndani, na mara nyingi haionyeshi kipande cha plastiki. Kwa ajili hiyo mabingwa wa tiba ya watoto hutumia endoskopia, yaani uchunguzi wa umio, mfuko wa tumbo na utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha yake.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliingiza bomba gumu katika umio wa mcheza maonyesho aliyezoea kumeza panga. Wagonjwa wenye koo la namna hiyo ni wachache. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, tabibu mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha chombo kinachopindika, kilichopitisha taswira katika nyuzi nyembamba za kioo. Siku hizi kamera ndogo imeshika nafasi ya nyuzi hizo, na picha huonekana katika skrini.

Ugumu mkubwa kwa mtoto uko katika pumzi. Koo lake la hewa ni laini na limepakana na umio, hivyo chombo kinene huweza kulibana. Chombo cha watu wazima huwa na unene wa milimeta 9 hadi 10. Kwa mtoto mwenye uzito usiofika kilo 10 hutumiwa chenye milimeta 6 au pungufu. Aidha, hewa inayopulizwa ili kutanua tumbo huweza kusukuma kiwambo juu na kuyabana mapafu. Hivyo wengi hupendelea gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwili huifyonza upesi.

Kwa kawaida mtoto hupewa nusukaputi, na mtaalamu wake hana kazi nyingine ila kuangalia pumzi na moyo. Kabla ya hapo mtoto hufungishwa: saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Kisha hulazwa ubavu wa kushoto, kizuizi kikawekwa kati ya meno, na chombo kikapitishwa koromeoni hadi mwanzo wa utumbo mdogo. Koleo dogo huchukua vipande vya ngozi ya ndani kwa ajili ya hadubini. Yafaa ieleweke kwamba vipande huchukuliwa hata panapoonekana pazima, kwani maradhi kadhaa hayaonekani kwa macho.

Dharura inayohofiwa kuliko zote ni betri bapa ya mviringo, kama zile za saa na vitu vya kuchezea. Betri hiyo haihitaji kupasuka ili idhuru. Ikikwama katika umio, majimaji ya mwili huunganisha pande zake mbili na umeme hupita. Upande wa hasi hufanyika haidroksidi, kemikali ya jamii ya kostiki soda, nayo huunguza nyama. Madhara makubwa huweza kutokea ndani ya saa 2. Katika eksirei betri hufanana na sarafu, ila ukingo wake huonyesha duara mbili. Tofauti hiyo ndogo hubadili mambo yote: sarafu isiyoleta dalili yaweza kungojewa hadi saa 24, bali betri iliyo katika umio haingoji hata muda wa kufunga utimie.

Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, ikiwa hazijapita saa 12 tangu ameze na anaweza kumeza, huweza kupewa mililita 10 za asali kila baada ya dakika 10, si zaidi ya mara 6, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali hupunguza kasi ya kuungua tu, na haipasi kuwa sababu ya kuchelewa. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu.

Betri hunaswa kwa koleo au wavu mdogo. Iwapo umio haujatoboka, mahali palipoungua huweza kuoshwa kwa asidi ya asetiki ya asilimia 0.25, siki hafifu mno, ili kuvunja nguvu ya kemikali iliyobaki. Hata hivyo kidonda huweza kuendelea kuchimba kwa siku au majuma baada ya betri kutolewa, na mara chache hufikia mshipa mkuu wa damu. Mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akitapika damu, hata kidogo, au akipata choo cheusi, hurudishwa hospitali saa hiyo hiyo.