Kubadili Ajira na Kubadili Fani: Namna ya Kufundisha Tofauti Yake

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliwataka wanafunzi wa Darasa la Sita watoe mfano wa mtu aliyebadili kazi. Mtoto wa kwanza alisema, "Mjomba alikuwa dereva wa lori Tanga, sasa ni dereva wa basi Arusha." Wa pili alisema, "Shangazi alikuwa akishona nguo, akaenda chuo, sasa ni muuguzi." Mwanachuo aliandika mifano yote miwili ubaoni chini ya kichwa kimoja, akawasifu watoto, akaendelea na somo. Hakukosea neno lolote, lakini aliacha nafasi njema ipite. Watoto wale walikuwa wamemletea mambo mawili yasiyofanana, naye akayafunga katika kifurushi kimoja.

Katika makala hii tutaeleza tofauti ya mambo hayo mawili, kisha tutaonyesha jinsi ya kuyafundisha. Mwishoni tutasema kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu mwenyewe.

1. Maana

Ugumu unaanza katika lugha. Neno "kazi" hubeba maana nyingi. Tunasema "nina kazi ya kufagia", maana yake shughuli. "Amepata kazi bandarini", maana yake ajira. Na "kazi yake ni useremala", maana yake fani. Kwa hiyo anayesema "fulani amebadili kazi" hajasema bado ni kipi kilichobadilika. Katika somo hili tutumie maneno mawili: kubadili ajira na kubadili fani.

Kubadili ajira ni kubadili mwajiri, kituo au cheo huku ujuzi ukibaki uleule. Kubadili fani ni kuacha ujuzi uliokuwa ukikulisha na kushika mwingine, ambao sharti kwanza ujifunze.

Tumtazame fundi seremala. Akitoka karakana moja kwenda nyingine, hubeba msumeno, randa, patasi na nyundo yake, na siku ileile aweza kuanza kutengeneza mlango. Huyo amebadili ajira. Lakini akiamua kuwa mvuvi, randa hubaki nyumbani. Sharti ajifunze kutega nyavu, kuzijua kaskazi na kusi, na kutofautisha bamvua na maji mafu. Kijana mdogo aliyekulia pwani atakuwa mwalimu wake. Huyo amebadili fani.

Basi kipimo chetu ni swali hili: Je, mtu huyu ameendelea kutumia ujuzi wake, au amerudi kuwa mwanafunzi? Umbali wa safari si kipimo, wala mshahara si kipimo. Mtu aweza kuhama kutoka Mtwara hadi Bukoba asibadili fani. Na mwingine aweza kubadili fani bila kuhama nyumba.

2. Mifano miwili ya kihistoria

Mwandishi Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926 katika idara ya forodha. Baadaye alihamia idara ya wanyama, kisha ofisi ya serikali Tanga, na mwishowe ofisi ya upimaji. Idara zilibadilika, lakini kote huko alikuwa karani. Alibadili ajira mara kadhaa bila kubadili fani, na uandishi wake aliuendeleza kando ya ukarani.

Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akaanza kufundisha Tabora mwaka 1946. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarejea mwaka 1952, kisha akafundisha Pugu. Kutoka Tabora hadi Pugu alibadili shule, lakini alibaki mwalimu. Mwaka 1955 alijiuzulu ualimu ili aitumikie TANU. Hapo ndipo alipobadili fani. Hata hivyo jina la "Mwalimu" halikumwacha mpaka mwisho wa maisha yake. Mfano huu wafundisha jambo la ziada: anayebadili fani hatupi kila kitu. Ufasaha wa kueleza na subira ya kusikiliza huenda naye.

3. Mpango wa somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kutofautisha kubadili ajira na kubadili fani, na kutoa sababu ya jibu lake.

Zana: Kadi kumi za karatasi ngumu, kila moja ikiwa na habari fupi ya mtu, na vifaa vichache vya kazi vinavyopatikana kijijini, kama jembe, sindano, mwiko wa mwashi na chaki.

Hatua ya kwanza. Weka vifaa mezani. Waulize wanafunzi: "Mwashi akiajiriwa mji mwingine, atabeba nini? Akiwa mshonaji, ataacha nini?" Waache watoto washike vifaa na kujibu. Usitaje bado maneno mapya.

Hatua ya pili. Gawa darasa katika vikundi, kila kikundi kipewe kadi. Wazipange katika mafungu mawili na waeleze sababu. Sababu ndiyo itakayokuonyesha kama wameelewa. Mtoto akisema, "Huyu amebadili fani kwa sababu amehamia Dodoma," usimwambie tu kwamba amekosea. Mwulize: "Huko Dodoma anafanya nini siku nzima?" Atajisahihisha mwenyewe.

Hatua ya tatu. Toa kadi zenye utata: mwalimu aliyefanywa mwalimu mkuu, muuguzi anayefundisha chuo cha uuguzi, seremala aliyeanza kuunda mashua. Hapa wanafunzi watagawanyika, na ni vizuri. Waone kwamba kati ya mafungu mawili kuna ngazi: ujuzi mwingine hubebwa wote, mwingine nusu, mwingine huachwa. Sasa andika maneno mapya ubaoni.

Hatua ya nne. Kila mwanafunzi amwulize mtu mzima mmoja nyumbani habari za kazi alizowahi kufanya, kisha aandike aya moja kwa ajili ya kipindi cha pili.

4. Mambo ya kuangalia

Kwanza, usihukumu. Mtoto mmoja hakika atataja methali "Mwacha asili ni mtumwa". Mpokee, kisha uliza kama methali hiyo yamhusu mtu aliyejifunza fani mpya ili awalishe watoto wake. Waweza kuiweka kando ya "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", maana anayebadili fani huinama kweli: mtu mzima hukaa tena benchi la mwanafunzi.

Pili, kumbuka kwamba si kila badiliko huchaguliwa. Katika miaka ya 1990 watumishi wengi wa serikali na mashirika ya umma nchini Tanzania walipunguzwa kazini, na baadhi yao walilazimika kuanza upya katika kilimo au biashara. Huenda darasani mwako yumo mtoto ambaye baba yake ameachishwa kazi juzi. Usimlazimishe asome aya yake mbele ya wenzake.

5. Neno kwa mwanachuo

Tofauti hii itakufuata hata kituo chako cha kwanza. Itakuja siku ambapo nyumba inavuja, mkuu wa shule hasikilizi, na darasa lina watoto wengi kuliko madawati. Siku hiyo utasema, "Nimechoka na kazi hii." Kabla hujaandika barua yoyote, jiulize ni kazi ipi iliyokuchosha.

Ikiwa ukiwa mbele ya watoto moyo wako bado unachangamka, basi kilichokuchosha ni kituo, na dawa yake ni kurekebisha mambo au kuomba uhamisho. Tumewaona walimu wema walioacha ualimu kwa sababu ya nyumba mbovu, wakaja kujuta. Na ikiwa ni kufundisha kwenyewe kunakokuchosha, uhamisho hautakuponya. Tumewaona pia waliohama shule tatu au nne wakitafuta raha ambayo hakuna shule ingeweza kuwapa, na kila walipopita waliacha darasa ambalo halikufundishwa. Kwa mtu kama huyo, kujifunza fani nyingine kwa uangalifu ni haki yake, na ni heri kwa watoto pia.

Mazoezi

1. Tunga kadi kumi za somo hili kwa kutumia kazi za mahali unapotoka.
2. Mratibu elimu kata aliyekuwa mwalimu amebadili ajira au fani? Toa sababu.
3. Eleza jinsi utakavyomsaidia mwanafunzi anayedhani kwamba kuongezeka kwa mshahara ni kubadili fani.