Uwanja Haukatwi Nusu

Fedha hugawanyika. Kata mbili zikigombea bajeti, moja itapata sitini, nyingine arobaini, na zote zitaondoka zikinung'unika lakini zina kitu mkononi. Uwanja wa michezo haukatwi nusu. Ukijengwa hapa, kule haupo. Tena popote utakapojengwa kuna mtu aliyekuwa anaishi, analima au anauza chai. Faida yake, kama ipo, hutawanyika kwa mamilioni ya watu, kila mmoja akipata chembe. Gharama yake huziangukia familia chache zinazojulikana kwa majina. Ndiyo maana ugomvi wa mahali pa uwanja huwa mkali kuliko ugomvi wa bei yake.

Watu husema ugomvi wa namna hii unavunja moyo wa mji. Kauli hiyo inachanganya vitu viwili ambavyo mtafiti anapaswa kuvitenganisha kabla hajapima chochote: ari ya wakazi, na imani yao kwa wanaowatawala. Kuna kisa kimoja kinachotusaidia kuviona kila kimoja peke yake, kwa sababu timu ileile, katika miaka ileile, iliumiza ari ya mji mmoja na imani ya watu wa mji mwingine.

Tuanze na ari. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu saba vya Marekani. Sehemu ya kazi ilikuwa rahisi mno: siku ya Jumatatu, kuhesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo chao. Kama timu ya chuo ilishinda mwishoni mwa juma, nguo hizo ziliongezeka. Walipopigiwa simu na kuulizwa habari za mechi, wanafunzi walielekea zaidi kusema "tulishinda" kuliko "tulifungwa". Kipigo waliwaachia wachezaji. Shabiki yeyote wa mpira anaijua tabia hii bila kuhesabiwa fulana. Ari, basi, hupanda na kushuka pamoja na kitu cha nje ambacho mtu amejinasibisha nacho. Kikiondoka, huzuni yake ni ya kweli. Kikija kingine, anaweza kujinasibisha upya.

Sasa Brooklyn, New York. Timu yao ya besiboli, Dodgers, ndiyo iliyomwingiza uwanjani Jackie Robinson mwaka 1947 na kuvunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu; mwaka 1955 ikatwaa ubingwa. Uwanja wao, Ebbets Field, ulifunguliwa 1913. Katika miaka ya 1950 uliingiza watu wapatao 32,000, na magari hayakuwa na pa kuegeshwa. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka kujenga mpya kwenye makutano ya barabara za Atlantic na Flatbush, penye kituo kikubwa cha treni. Alihitaji jiji litumie sheria ya makazi ya 1949 kutwaa ardhi hiyo. Robert Moses, ofisa aliyekuwa na kauli kubwa kuliko mameya katika ujenzi wa New York, alikataa: uwanja wa mtu binafsi si matumizi ya umma. Akampa Flushing Meadows, wilayani Queens, awe mpangaji kwenye uwanja wa jiji. O'Malley akaona kama ni kuihama Brooklyn, basi ni heri California. Tarehe 24 Septemba 1957, mechi ya mwisho ya Ebbets Field ilitazamwa na watu 6,702. Dodgers wakashinda 2-0.

Brooklyn iliumia, na wengi walimlaani O'Malley maisha yao yote. Lakini tazama walichonyang'anywa. Hakuna aliyetolewa nyumbani kwake, na hakuna aliyetii amri kwa sababu ya ahadi ambayo baadaye ilikanwa. Mwaka 1962 New York ilipata timu mpya, Mets, na kuanzia 1964 ikachezea uwanja uliojengwa palepale Flushing Meadows. Jeraha la ari lilipata pa kuponea.

Upande wa pili wa nchi, walikohamia Dodgers, mambo yalikuwa tofauti. Katika vilima vya Chavez Ravine, Los Angeles, palikuwa na vitongoji vitatu, Palo Verde, La Loma na Bishop, vyenye wakazi wengi wa asili ya Meksiko. Mwaka 1950 walipata barua kutoka mamlaka ya makazi: ardhi yenu inatwaliwa, tutajenga nyumba za umma za bei nafuu, na ninyi mtakuwa wa kwanza kuzichagua. Mamia ya familia zilihama. Kisha siasa zikageuka. Nyumba za umma zikaitwa ukomunisti, meya mpya, Norris Poulson, akashinda mwaka 1953 akizipinga, na mradi ukafutwa. Ardhi ikachukuliwa na jiji kwa sharti kwamba itumike kwa manufaa ya umma. Mwaka 1957 jiji likakubali kumpa O'Malley sehemu kubwa yake ajenge uwanja.

Tarehe 8 Mei 1959 askari wa sherifu walifika kwa familia ya Arechiga, iliyokuwa haijakubali kuondoka. Aurora Vargas, binti wa familia, alibebwa na askari mikono na miguu hadi nje, kamera za televisheni zikiwaka. Tingatinga likaiangusha nyumba. Familia ikapiga hema hapohapo. Siku chache baadaye magazeti yakafichua kuwa walikuwa na nyumba nyingine mjini, na huruma ya wengi ikapoa. Kwangu hilo ni swali la huruma tu. Swali la imani liko kwenye barua ya 1950, na idadi ya nyumba za mtu haiigusi.

Imani ni nini hasa? Mwenye duka anayekukopesha unga na kuandika jina lako kwenye daftari amekubali kwamba unaweza kumuumiza. Hapo ndipo imani inapopimika: katika kile mtu anachokubali kukuachia kabla hajajua utafanya nini. Usipolipa, analifunga daftari. Na likifungwa, hupati tena nafasi ya kuonyesha kwamba siku hizi unalipa. Mwanasaikolojia Paul Slovic, katika makala yake ya 1993, alieleza jambo hilihili kwa upande wa taasisi: tukio baya huonekana wazi na huwa na uzito kuliko jema, na asiyeamini hukaa mbali, kwa hiyo hakutani na ushahidi ambao ungembadilisha. Ari haina kikwazo hicho. Ushindi mmoja unasikika hata kwa aliyenuna.

Je, kura haikutosha kutibu? Maana ilipigwa. Tarehe 3 Juni 1958 wakazi wa Los Angeles waliuidhinisha mkataba wa kumpa O'Malley ardhi hiyo kwa tofauti ya kura zipatazo 25,000 kati ya zaidi ya 670,000. Hapa watafiti wa haki ya utaratibu, yaani haki katika namna uamuzi unavyofikiwa, wana la kusema. Mwaka 1990 Allan Lind na wenzake waliwapa wanafunzi kazi yenye lengo la kufikia. Waliosikilizwa kabla lengo halijapangwa waliona utaratibu ni wa haki zaidi. Waliosikilizwa baada ya kupangwa walifuata, ingawa maoni yao yasingebadilisha kitu. Waliokuwa mwisho ni wale ambao hawakuulizwa kabisa. Watawala wengi wangependa kuishia hapo: itisha mkutano, wape watu maikrofoni, yaishe. Lakini Robert Folger na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1979 kwamba kusikilizwa kunaweza kuongeza hasira, hasa pale mtu anapojua wenzake nao wanayaona matokeo si ya haki. Na kura ya jiji zima iliwauliza watu waliokuwa wakisubiri chembe ya faida. Waliobeba gharama walikuwa tone ndani ya hesabu hiyo, na wengi wao walikuwa wameshahama.

Uwanja ulifunguliwa Aprili 1962. Wako watu wa asili ya Meksiko waliokataa kuukanyaga. Kisha mwaka 1981 akatokea Fernando Valenzuela, kijana mrushaji mpira kutoka Sonora, Meksiko, akashinda mechi zake nane za kwanza alizoanza, na majukwaa yakajaa watu waliokuwa wakizungumza Kihispania. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya kupatana. Ninavyokisoma, kilichorudi pale ni ari, nayo ilirudi kwa timu. Halmashauri ya jiji haikuwa imerusha mpira hata mmoja. Mwaka 2024, miaka 43 baadaye, mswada wa kutafuta fidia kwa waliohamishwa ulipita bungeni California, na gavana akakataa kuutia sahihi.

Mtu akitaka kujua ugomvi wa uwanja umefanya nini katika mji wake, awaulize wakazi maswali mawili, kila moja peke yake. Mechi ijayo utakwenda? Na ikija barua ya serikali kesho kukuahidi nyumba ukikubali kuhama, utafungasha?