Injini ya Mashua Ikizimika Ziwani: Kuifuata Njia ya Petroli

Nyamira ni nchi ya vilima, mashamba ya chai na migomba, wala haina ziwa. Lakini samaki wengi wauzwao katika masoko yake hupandishwa kutoka Ziwa Viktoria, kwa njia za Kendu Bay na Homa Bay. Kwa hiyo mashua ikizimika majini, hasara haimpati mvuvi peke yake. Mama aliyeteremka alfajiri kununua samaki hungoja ufukoni mpaka jua likawa kali, na samaki huharibika ndani ya mashua kabla hawajamfikia. Tena hiyo ndiyo hasara ndogo. Mashua isiyokuwa na nguvu haiwezi kuyakabili mawimbi kwa omo wake. Pepo za alasiri zikivuma huigeuza ubavu, na maji yakaanza kuingia.

Mashua nyingi za ziwani huendeshwa kwa injini ya petroli iliyofungwa nyuma, yenye kabureta. Kabureta ni chombo cha kuchanganya petroli na hewa. Chini yake pana bakuli dogo, na ndani ya bakuli pana boya. Boya likipanda, sindano huziba mlango wa petroli. Likishuka, mlango hufunguka. Kutoka bakulini petroli hupita katika tundu jembamba liitwalo jeti, ikachukuliwa na hewa inayovutwa na injini, ikaingia kama ukungu. Chembe moja ya mchanga yatosha kuliziba tundu hilo.

Basi injini ikizimika, kabureta hulaumiwa kwanza. Wako manahodha ambao hushika bisibisi mara moja na kuzungusha skrubu zake huku mashua ikiyumba, na kosa moja likawa mawili. Kabureta ni mwisho wa safari ya petroli. Mwenye busara huanza mwanzo wa safari hiyo, yaani tangini, naye huona mara nyingi kwamba hana haja ya bisibisi hata kidogo.

Kwanza na atazame kama petroli imo. Swali hili huonekana la kitoto, lakini wengi wameaibishwa nalo. Kisha na atazame kofia ya tangi. Kofia hiyo ina tundu la hewa lenye skrubu yake, ambalo hufungwa wakati wa kuchukua tangi na kusahauliwa. Petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii mahali pake. Dalili yake ni wazi: injini huwaka vizuri, huenda kwa dakika chache, kisha hufifia na kufa, ikipumzishwa kidogo huwaka tena, na kufa tena. Mwenye pikipiki kule Nyamira aijue dalili hii pia, kwa kuwa tangi lake nalo huhitaji kupumua.

Katikati ya mpira unaotoka tangini lipo pira la kufinya kwa mkono, na hilo ndilo shahidi bora kuliko yote. Likifinywa mara kadhaa yapasa liwe gumu. Likinyonywa likabaki bapa injini inapokwenda, kizuizi kiko nyuma yake: tundu la kofia limefungwa, au chujio la ndani ya tangi limejaa taka, au mpira umekunjika. Likiwa laini daima ingawa petroli imo, huenda mpira una ufa na unavuta hewa, au valvu za pira zimechoka, au petroli inamwagika mahali fulani mbele. Likiwa gumu na injini bado haina nguvu, basi kosa liko mbele, katika chujio la injini, pampu yake ndogo au kabureta. Na kama injini iliyokuwa ikifa hufufuka kila pira linapofinywa, pampu na ishukiwe. Kwa njia hiyo ya kufinya watu wamefika pwani.

Maji nayo ni adui wa kila siku, kwa sababu ya mvua na madebe yasiyofunikwa. Petroli kidogo itiwe katika chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, na mpaka wake huonekana kwa macho.

Baada ya hayo ndipo zamu ya kabureta. Injini ikipata nafuu choki inapovutwa, inakosa petroli, na huenda jeti imeziba. Ikizidi kuwa mbaya, ikatoa moshi mweusi na plagi ikawa imelowa, inapata petroli kupita kiasi: sindano haizibi, au boya limetoboka na kuzama. Plagi ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Jeti isafishwe kwa kupulizwa, isichokolewe kwa waya, kwani waya hupanua tundu.

Kuna wasemao kwamba injini dhaifu yaweza kuendeshwa hivyo hivyo mpaka nyumbani. Katika injini ambazo mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli, shauri hili ni la hatari sana. Petroli ikipungua, mafuta hayo nayo hupungua, pistoni hupata joto kali na kukwama ndani ya silinda. Kosa la kuponywa kwa kulegeza skrubu ya kofia huwa deni la injini nzima.

Wakati wa kazi hii sigara na taa ya moto viwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya mashua bila kuonekana. Wala mtu asinyonye petroli kwa kinywa, maana ikiingia mapafuni yaweza kumwua.

Katika miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa kwa sheria, injini nyingi hulala. Petroli iliyoachwa bakulini hukauka na kuacha utomvu katika jeti. Kabla ya kuiweka injini, mpira uchomolewe na injini, ikiwa inapata maji ya kuipoza, iachwe iende mpaka izime yenyewe. Kisha skrubu ya chini ya bakuli ifunguliwe, matone yaliyobaki yatoke.