Chanzo cha Usonji kwa Watoto: Yanayojulikana na Yanayosingiziwa

Mzazi anayeelezwa kwamba mtoto wake ana usonji aghalabu hujiuliza kwanza: nilikosea wapi? Swali hilo lina historia. Baada ya daktari Leo Kanner kuieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943, baadhi ya wataalamu walishikilia kwa miaka mingi kwamba huletwa na mama asiye na upendo. Dhana hiyo ilikwisha kubatilishwa. Hata hivyo, katika jamii zetu mama bado hudhaniwa amelaaniwa, au ukoo huanza kumtafuta mchawi.

Hoja ya urithi ilipata nguvu mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walipochapisha uchunguzi wao wa mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili; katika jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Jeni zinazohusika ni nyingi, na mabadiliko mengine hujitokeza upya kwa mtoto bila kuwapo kwa wazazi. Kwa hiyo hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole. Umri mkubwa wa baba, jambo lisilotajwa sana barazani, nao unahusishwa na usonji.

Mazingira yanayohusika zaidi ni yale ya tumboni. Mama akipata rubela mwanzoni mwa ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa na matatizo ya macho, masikio na moyo, na uwezekano wa usonji huongezeka. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti nayo huongeza uwezekano huo. Mwanamke anayeitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba. Asiiache ghafla, kwa kuwa degedege laweza kumwua yeye na mtoto. Kuzaliwa kabla ya wakati pia kunahusishwa.

Chanjo haimo katika orodha hii. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu, ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Nchini kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na 18, umri uleule ambao wazazi huanza kuona dalili; hapo ndipo shaka huzaliwa. Anayeikwepa chanjo hiyo huiachia rubela njia ya kuwafikia wajawazito.

Kuhusu chakula, wapo wanaoshauri mtoto aondolewe ngano na maziwa. Ushahidi wa manufaa yake ni dhaifu. Ugali wa mahindi na wali havina protini ya ngano hata kidogo, na watoto wanaovila bado hupata usonji. Watoto wengi wenye usonji huchagua mno vyakula. Ukimnyima maziwa aliyekubali vyakula vitatu tu, unamkaribisha utapiamlo.

Mtoto wa mwaka 1 asiyegeuka aitwapo jina, au wa mwaka 1 na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, apelekwe kliniki pamoja na kadi yake, naye apimwe masikio kwanza.