Akiba ya Mafuta: Ghala la Nchi

Mkulima mwenye busara hauzi mahindi yake yote baada ya mavuno. Kwanza hujaza kihenge. Anajua kwamba mvua inaweza kuchelewa, au mto ukafurika na kukata barabara. Siku hiyo ikifika, watu wa nyumbani mwake watakula kutoka kihengeni huku wakingoja mambo yatengenee.

Baadhi ya nchi hufanya hivyo hivyo kwa mafuta ya petroli. Katika somo hili tutaona kwa nini nchi hizo zilianza kuweka akiba, mafuta hutunzwa wapi, ghala hufunguliwa lini, na msaada wake ni wa kiasi gani. Tutaona pia yaliyotokea Uganda mwaka 2008, shida ilipokuja na kukuta matangi hayana mafuta.

Je, jambo hili linatuhusu sisi wa vijijini? Linatuhusu. Mashine nyingi za kusaga hutumia dizeli. Lori linalochukua pamba na kuleta mbolea hutumia dizeli. Pikipiki inayompeleka mgonjwa zahanati hutumia petroli. Mafuta yakikosekana, nauli hupanda. Nauli ikipanda, sabuni, chumvi na sukari hupanda bei pia.

1. SHIDA YA MWAKA 1973

Mwezi Oktoba 1973 vita vilizuka kati ya Israeli na nchi za Misri na Syria. Nchi za Kiarabu zenye visima vya mafuta zilipunguza mafuta yaliyokuwa yakiuzwa nje. Marekani na Uholanzi, kwa kuwa zilionekana kuisaidia Israeli, ziliwekewa vikwazo zisiuziwe kabisa.

Kabla ya vita, pipa moja la mafuta liliuzwa kwa dola 3 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1974 bei ilikaribia dola 12. Bei ilikuwa imepanda karibu mara nne kwa miezi michache tu.

Tuelewane hapa juu ya neno pipa. Pipa la chuma tunalolijua kijijini huchukua lita 200 hivi. Pipa la wafanyabiashara wa mafuta ni kipimo tu, nalo ni sawa na lita 159. Katika somo hili tunatumia kipimo hicho.

Huko Marekani magari yalipanga foleni ndefu kwenye vituo vya mafuta. Huko Uholanzi serikali ilipiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili. Nchi maskini ziliumia kwa njia nyingine. Zilitakiwa kulipa bei hiyo mpya kwa fedha za kigeni, na fedha hizo walizipata wakulima wao kwa kuuza kahawa, pamba, chai na mkonge.

2. SHARTI LA SIKU 90

Nchi tajiri zilijifunza kwamba hazikuwa na kihenge. Mwezi Novemba 1974 baadhi ya nchi hizo ziliunda Shirika la Kimataifa la Nishati. Makao yake makuu yako mjini Paris, Ufaransa. Leo lina nchi wanachama zaidi ya 30.

Shirika hilo lina sharti moja kubwa. Kila mwanachama anayenunua mafuta kutoka nje lazima awe na akiba ya kutosha siku 90. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme nchi inaagiza mapipa 100,000 kila siku. Zidisha mara 90. Nchi hiyo inatakiwa kuwa na mapipa 9,000,000 ghalani.

Sharti la pili ni ushirikiano. Shida ikitokea, wanachama hukubaliana kufungua maghala yao kwa pamoja. Kila nchi hutoa sehemu yake.

Nchi hutimiza sharti hilo kwa njia mbalimbali. Marekani ina ghala la serikali yenyewe. Ujerumani ina shirika maalumu la kutunza akiba, lililoundwa mwaka 1978. Uingereza huyaagiza makampuni ya mafuta kuweka akiba kwa mujibu wa sheria. Japani, ambayo hununua nje karibu mafuta yake yote, hutumia njia mbili pamoja: serikali ina maghala yake, na makampuni nayo yana wajibu wa kuweka akiba.

3. GHALA NDANI YA CHUMVI

Sheria ya kuanzisha ghala la Marekani ilitiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Desemba 1975. Mafuta ya kwanza yaliwekwa mwezi Julai 1977. Ghala hilo liko sehemu nne karibu na Ghuba ya Mexico, katika majimbo ya Texas na Louisiana.

Mafuta hayo hayawekwi kwenye matangi ya chuma. Yamo chini ya ardhi, ndani ya chumvi. Katika sehemu hizo kuna miamba mikubwa ya chumvi, mamia ya mita kwenda chini. Mafundi hutoboa shimo jembamba mpaka kwenye chumvi, kisha hupeleka maji chini kwa nguvu. Maji huyeyusha chumvi, na maji ya chumvi hutolewa nje. Polepole pango kubwa hupatikana. Pango la kawaida huchukua mapipa milioni 10. Upana wake ni mita 60 hivi, na kimo chake ni zaidi ya mita 700.

Kwa nini chumvi? Mafuta hayayeyushi chumvi. Tena uzito wa ardhi iliyo juu huibana chumvi, na nyufa ndogo hujiziba zenyewe. Njia hii pia ni rahisi kwa gharama kuliko kujenga matangi juu ya ardhi.

Na mafuta hutolewaje? Chukua glasi, tia mafuta ya taa kidogo, kisha mimina maji polepole. Utaona mafuta yanapanda juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Mafundi wa Marekani hufanya hivyo hivyo. Husukuma maji mpaka chini ya pango, na mafuta hupanda na kutoka kwa bomba.

Lakini njia hii ina hasara yake. Kila mara maji yasiyo na chumvi yanapoingizwa, huyeyusha kuta za pango kidogo. Kwa hiyo ghala hili halifai kufunguliwa na kujazwa mara kwa mara kama duka.

4. GHALA HUFUNGULIWAJE

Huko Marekani mwenye amri ya kufungua ghala wakati wa dharura ni Rais. Akishatoa amri, serikali hutangaza zabuni. Makampuni hutaja bei, na yanayoshinda huuziwa. Tangu siku ya amri mpaka mafuta yaanze kufika sokoni hupita siku 13 hivi.

Njia nyingine ni kukopesha. Kampuni ikikatikiwa na mafuta kwa sababu ya dhoruba au bomba kuharibika, huazima mapipa ghalani. Baadaye hurudisha mapipa yale yale na kuongeza mengine juu yake. Ni kama kumkopesha jirani magunia manne ya mahindi, naye akarudisha matano baada ya mavuno.

Sasa tutazame mara tatu ghala lilipofunguliwa. Kila mara ina fundisho lake.

Mwaka 1991. Mwezi Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait. Mafuta ya nchi hizo mbili yakatoweka sokoni, na bei ikapanda mpaka ikapita dola 40 kwa pipa. Vita vya kuikomboa Kuwait vilipoanza mwezi Januari 1991, Rais George Bush aliamuru ghala lifunguliwe. Wanachama wengine wa Shirika nao walijiandaa kutoa akiba. Bei ilishuka kwa karibu theluthi moja kwa siku moja tu, kabla hata ya mafuta ya akiba kufika sokoni. Sababu zilikuwa mbili. Habari za vita zilionyesha kwamba visima vya Saudia viko salama, na wafanyabiashara walijua kuwa akiba ipo. Marekani ilitangaza kuuza mapipa karibu milioni 34, lakini yalinunuliwa kama milioni 17 tu. Hofu ilikuwa imepungua.

Mwaka 2005. Mwezi Agosti kimbunga kilichoitwa Katrina kiliipiga pwani ya Ghuba ya Mexico. Visima vya baharini vilisimama. Viwanda vya kusafishia mafuta navyo vilifungwa. Wanachama wa Shirika walikubaliana kutoa mapipa milioni 60. Lakini ghala la Marekani lilikuwa na mafuta ghafi, yaani mafuta yasiyosafishwa. Mafuta ghafi bila kiwanda ni kama mahindi bila mashine ya kusaga. Nchi za Ulaya zilisaidia sana hapo, kwa sababu katika akiba zao ilikuwamo petroli iliyokwisha kusafishwa, tayari kutumika.

Mwaka 2022. Mwezi Februari Urusi iliivamia Ukraine. Mwezi Machi bei ilipita dola 120 kwa pipa. Marekani ilitangaza kutoa mapipa milioni 180 kwa muda wa miezi sita. Wanachama wengine nao walitoa yao. Kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 90, ingawa akiba haikuwa sababu pekee. Lakini ghala la Marekani lilipungua sana. Katikati ya mwaka 2023 lilikuwa na mapipa machache kuliko wakati wowote tangu miaka ya 1980. Serikali ikaanza kununua tena. Ilikuwa imeuza kwa wastani wa dola 95 hivi kwa pipa, na sasa ilinunua kwa chini ya dola 80.

Je, mkulima wa Tanzania au Kenya alinufaika na mafuta ya ghala la Texas? Ndiyo, kwa sehemu. Soko la mafuta ni moja duniani. Mapipa yakiongezeka upande mmja wa dunia, bei hutulia upande mwingine pia. Lakini anayetegemea kihenge cha jirani hana sauti. Jirani ndiye anayeamua lini afungue na lini afunge.

5. MATANGI YA JINJA

Uganda haina bandari baharini. Mafuta yake mengi hushushwa Mombasa, kisha hupita nchi nzima ya Kenya kwa bomba, kwa malori na kwa reli.

Kwa sababu hiyo serikali ya Uganda ilikuwa na matangi ya akiba mjini Jinja, yenye uwezo wa kuchukua lita milioni 30. Jinja ni mahali pazuri, kwa kuwa iko njiani kati ya mpaka wa Kenya na Kampala.

Mwisho wa Desemba 2007 uchaguzi wa Kenya ulifuatwa na machafuko. Barabara zilifungwa, malori yakakwama, na reli iling'olewa sehemu ya Nairobi. Januari 2008 mafuta yaliadimika Uganda. Vituo vingi vilikauka. Baadhi ya vilivyobaki viliuza kwa bei ya mara mbili na zaidi. Rwanda, ambayo ilipokea mafuta kwa njia hiyo hiyo, ililazimika kuyatoa kwa mgao.

Hiyo ndiyo siku ambayo matangi ya Jinja yalijengwa kwa ajili yake. Lakini yalikuwa hayana mafuta ya kuwasaidia wananchi. Matangi yalikuwapo, akiba haikuwapo.

Kwa nini jambo kama hili hutokea? Akiba ni fedha zilizolala. Miaka ya amani inapopita, watu huuliza fedha hizo zinafanya kazi gani, wakati shule na hospitali zina mahitaji. Si nchi maskini tu zinazopata kishawishi hicho. Mwaka 1996 na 1997 Marekani nayo iliuza mapipa milioni 28 ya ghala lake ili kupata fedha za matumizi ya serikali, wakati hapakuwa na dharura yo yote ya mafuta.

6. TUMEJIFUNZA NINI

Kwanza, akiba haichimbi mafuta mapya. Inachotoa ni muda. Katika muda huo barabara hufunguliwa, kiwanda hutengenezwa, au mafuta hutafutwa kwingine.

Pili, ghala hujazwa wakati wa neema. Anayeanza kununua siku ya shida hununua kwa bei ya shida.

Tatu, akiba iwe ya kitu kinachoweza kutumika, na iwe karibu na watu wanaokihitaji.

Nne, lazima pawe na utaratibu unaojulikana: nani anafungua, kwa sababu gani, na lini kilichotolewa kitarudishwa.

Tano, akiba ikaguliwe. Ghala lenye kufuli si lazima liwe na kitu ndani.

Mambo haya matano yanafaa kwa mafuta ya nchi. Yanafaa pia kwa ghala la chakula la kijiji, kwa dawa za zahanati, na kwa mfuko wa chama cha ushirika.

MAANA YA MANENO

Akiba: kitu kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye.
Dharura: shida inayotokea ghafla.
Mafuta ghafi: mafuta kama yanavyotoka kisimani, kabla ya kusafishwa.
Mgao: kumpa kila mtu kiasi kilichopimwa.
Zabuni: utaratibu wa wanunuzi kutaja bei ili achaguliwe mmoja.

MASWALI

1. Kwa nini bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973?
2. Eleza jinsi mafuta yanavyotolewa ndani ya pango la chumvi.
3. Mwaka 2005 petroli ya Ulaya ilisaidia kuliko mafuta ghafi. Kwa nini?
4. Nchi inaagiza mapipa 20,000 ya mafuta kila siku. Ili kutimiza sharti la siku 90, inatakiwa kuweka mapipa mangapi?
5. Pipa moja ni lita 159. Mapipa 10 ni lita ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

Zungumzeni darasani: kijiji chenu kina akiba ya nini? Nani ana ufunguo? Ni lini mara ya mwisho wanakijiji walihesabu kilichomo? Chagueni watu wawili waende kuangalia, kisha waandike walichokikuta na kukisoma mbele ya darasa.