Parokia Ikifungwa, Hesabu Siku

Wakatoliki wengi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani wanasali katika makanisa makongwe yaliyojengwa na wahamiaji wa zamani: Waairishi, Wapolandi, Waitalia. Makanisa hayo ndiyo yanayofungwa sasa. Mwaka 2024 Jimbo Kuu la Baltimore lilitangaza kuzipunguza parokia zake 61 za jijini na vitongojini hadi 23. Tangazo likishasomwa, waamini wengi huinama na kusema Askofu ameamua, basi. Sheria ya Kanisa haisemi hivyo.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Parokia ni jumuiya ya waamini. Kanisa ni jengo. Kwa Kanoni 515, Askofu anaweza kuunganisha au kufuta parokia, ila ni lazima kwanza alisikilize Baraza la Mapadre. Kuliondolea jengo hadhi ya ibada ni uamuzi mwingine, na mgumu zaidi. Kanoni 1222 inadai sababu nzito, Baraza la Mapadre kusikilizwa tena, ridhaa ya wenye haki juu ya jengo hilo, na hakikisho kwamba roho za waamini hazitadhurika. Waraka uliotolewa Vatican Julai 2020 ulikaza zaidi: uhaba wa mapadre, kupungua kwa watu, hata hali mbaya ya fedha ya jimbo, si sababu halali za kuligeuza kanisa kuwa jengo la kawaida. Kwa hiyo parokia yenu ikiunganishwa na nyingine, msikubali kirahisi kwamba kanisa nalo limekwisha kuuzwa.

Sasa siku. Uamuzi ukishatangazwa rasmi, una siku 10 tu za kumwandikia Askofu mwenyewe, ukimwomba aufute au aurekebishe (Kanoni 1734). Hizo ni siku zinazohesabiwa tangu ulipojua na kuweza kutenda, lakini usiutegemee mwanya huo. Wengi wameanguka hapa, si kwenye hoja. Askofu ana siku 30 za kujibu. Akikataa, au akinyamaza hadi siku hizo zikaisha, una siku 15 za kukata rufaa kwa Baraza la Kipapa linalosimamia Wakleri, Roma. Juu yake ipo Signatura ya Kitume, mahakama ya juu kabisa ya Kanisa. Una haki ya kuwa na wakili wa sheria za Kanisa katika hatua zote.

Msiandike kwa jina la kwaya wala la jumuiya ya Waswahili. Tangu 1987 Roma imefafanua kwamba kundi lisilo na hadhi ya kisheria haliwezi kukata rufaa kama kundi. Mwamini mmoja mmoja anaweza, na wanaweza kutia sahihi pamoja. Anayetoka mbali kila Jumapili kwa ajili ya Misa ya Kiswahili anaweza kuambiwa si wa parokia ile. Watangulizeni wanaoishi ndani ya mipaka yake.

Je, inasaidia? Cleveland, Ohio, mwaka 2012 Roma ilibatilisha kufungwa kwa parokia zaidi ya kumi kwa sababu utaratibu haukufuatwa, na makanisa yakafunguliwa tena. Lakini Scituate, Massachusetts, waamini walikesha kanisani kwa zamu tangu 2004 kupinga kufungwa kwake. Roma iliwakatalia, mahakama za serikali zikasema mwenye hati ni jimbo, na Mei 2016 wakatoka. Kukalia jengo kulionyesha upendo mkubwa, ila mbele ya hakimu hakukuwapa haki yoyote ya umiliki.

Wapo wanaotegemea historia ya jengo. Kuandikwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria ni heshima, lakini peke yake hakumzuii mmiliki binafsi kubomoa kwa fedha zake. Kinachoweza kumzuia ni sheria ya mji wenyewe, na miji haifanani. Ulizeni ofisi ya uhifadhi ya mji wenu mapema, kabla hati ya kuuza haijatiwa sahihi.

Mkisikia fununu tu, ombeni nakala ya uamuzi kwa maandishi, muandike tarehe mliyoipokea, na barua ya kwanza kwa Askofu iende wiki hiyohiyo.