Dawa za Usingizi na Usukani

Mtu anapoamka, dawa ya usingizi aliyokunywa usiku huwa bado imo mwilini. Diazepam, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Valium, huchukua saa 20 hadi 50 hivi ili nusu yake tu iondoke kwenye damu, na ini linapoivunja hutokea kemikali nyingine ya kusinziza inayokaa muda mrefu zaidi. Anayemeza kidonge kila usiku basi huongeza dawa mpya juu ya masalio ya jana. Kwa wazee masalio hayo huwa mengi zaidi. Zolpidem, dawa nyingine ya usingizi, hutoka upesi, lakini hata hiyo, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishusha kipimo cha wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu baadhi yao waliamka na kiasi kinachoweza kuharibu udereva.

Dereva aliyeamka na dawa mwilini hanuki pombe wala hapepesuki. Anachelewa tu. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kuchelewa kukanyaga breki inatosha kumfikia mtoto anayevuka. Ubaya zaidi, dawa hupunguza pia uwezo wa kujipima. Dereva anayesema yuko sawa huenda anaamini hivyo kweli.

Mtego mkubwa, hata hivyo, ni dawa za mafua. Piriton hununuliwa bila cheti na kumezwa hapo hapo stendi, ilhali nayo husinziza. Ndivyo zilivyo promethazine ya kichefuchefu, amitriptyline ya sonona, tramadol ya maumivu na dawa za kikohozi zenye kodeini. Kwa mafua ya mzio, loratadine husinziza kwa nadra. Pombe, hata kidogo, huzidisha nguvu ya dawa zinazosinziza. Kahawa na miraa huficha usingizi kwa muda bila kuondoa dawa, kisha dereva hukosa usingizi usiku na kurudia kidonge.

Dukani, dereva wa lori au wa bodaboda aitaje kazi yake kabla ya kupewa dawa yoyote, na asiazime vidonge vya jirani. Aliyetumia diazepam kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Amwone daktari apunguziwe kidogo kidogo, na kwa kipindi hicho usukani ashike mwingine.